KUPANDA MCHONGOMA: HISTORIA YA BREKI YA BAISKELI KILOSA NA MIKUMI

Juma hili nimepokea barua kutoka kwa mkazi mmoja wa Mikumi. Yeye ni mkulima na mchuuzi, na kazi yake ni kushusha ndizi kwa baiskeli kutoka upande wa milima ya Uvidunda hadi sokoni Mikumi. Anasema kila masika friwili ya baiskeli yake hufa kwa tope, na raba za breki huisha kabla hata mvua hazijaisha. Mpwa wake aliyeko Uingereza amemweleza kwamba huko watu hujiundia baiskeli ya bei nafuu ya kupitia majira ya baridi, isiyo na friwili kabisa, lakini yenye breki za diski kama za pikipiki. Sasa anauliza: je, mambo hayo ni mapya, na je, fundi wa hapa anaweza kumwundia baiskeli ya namna hiyo kwa ajili ya masika?

Kwa hakika swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Nusu ya baiskeli anayoiulizia ni ya kale, na ina umri uleule wa utawala wa Wajerumani katika nchi hii. Nusu nyingine ndiyo mpya. Ubaya ni kwamba watu wengi huipenda ile nusu ya kale.

Tuanze na hiyo ya kale. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye cheni inayoendesha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885 pale John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli yake iliyoitwa Rover. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo huko Belfast. Baiskeli hizo za mwanzo hazikuwa na friwili. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Mwendeshaji akitaka kupunguza mwendo huzuia pedeli kwa nguvu za miguu. Akifika kwenye mteremko mkali huondoa miguu yake na kuipandisha kwenye vijiti viwili vilivyofungwa kwenye uma wa mbele, akamwachia Mungu, huku akibonyeza kipande cha chuma kinachosugua tairi la mbele. Hiyo ndiyo iliyokuwa breki.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ngoma hiyo ndiyo iliyowafanya mafundi wa Ulaya, karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, waeneze friwili, na mara tu walipoieneza wakakuta wameondoa breki ya miguu bila kuweka nyingine ya kutosha. Mwaka 1903 kampuni ya Fichtel & Sachs ya mji wa Schweinfurt, Ujerumani, ikatoa habu iliyoitwa Torpedo. Ukikanyaga mbele unakwenda, ukituliza miguu unateleza, ukikanyaga nyuma unasimama. Breki yake ilikuwa ndani ya habu, mahali ambapo mvua haifiki. Naomba msikilizaji alikumbuke jambo hilo la breki kukaa katikati ya gurudumu, maana tutalirudia.

Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakijenga Reli ya Kati. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, ukapita Kilosa na kufuata bonde la Mto Mkondoa kuelekea bara, hadi Kigoma mwaka 1914. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Waingereza yakaiteka Kilosa, na tangu hapo biashara ya nchi hii ikageukia viwanda vya Uingereza. Baiskeli iliyotawala barabara zetu ikawa ile nyeusi, nzito, ya magurudumu ya inchi 28: Raleigh ya Nottingham, BSA na Hercules za Birmingham. Breki zake ni zile za fimbo za chuma, zinazovuta raba mbili kwenda juu zigandamize rimu.

Sitaki kuidharau baiskeli hiyo. Haina waya wa kukatika, koleo na spana moja vinatosha kuitengeneza, na babu wa mtu anaweza kumrithisha mjukuu. Lakini ina kasoro moja kubwa. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, raba haishiki. Unabana, nayo inateleza kama sabuni, mpaka gurudumu lizunguke mara kadhaa na maji yafutike. Tena rimu iko chini, karibu na tope. Udongo wa mbuga wa tambarare za Mkata ukishajazana kati ya raba na rimu, breki inakuwa msasa, na inakula raba pamoja na rimu yenyewe.

Ajabu ni kwamba Uingereza nako kunanyesha! Wenyewe walifanyaje? Wenye uwezo walinunua habu zenye breki ndani, ambazo kampuni ya Sturmey-Archer ilikuwa ikiziuza katika miaka ya 1930. Na wanachama wa vilabu vya baiskeli, wakati wa baridi, walikuwa wakiweka kando baiskeli yao nzuri na kupanda nyingine ya bei rahisi, yenye madigadi na isiyo na friwili, kwa sababu tope na chumvi ya barabarani huua mitambo myembamba. Hiyo ndiyo asili ya baiskeli anayoisimulia yule mpwa. Ni desturi ya watu wanaotembea bila mzigo, kwenye barabara za lami.

Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Katika wilaya ya Kilosa baiskeli za kwanza zilikuwa za makarani, walimu, manyapara na wachache waliopata fedha za mkonge na pamba. Polepole ikawa chombo cha mkulima. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu pamoja, na kwa wengi shamba likabaki mbali na nyumba. Aliyekuwa na baiskeli aliona nafuu. Kisha ikaja miaka ya uhaba. Kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO, ilikuwapo Dar es Salaam, lakini kupata tairi moja tu dukani kulikuwa jambo la kibali na foleni. Watu walijaza nyasi na matambara ndani ya matairi. Katika hali hiyo, nani angeuliza habari za breki? Breki ilikuwa kitu cha kwanza kutolewa na cha mwisho kurudishwa.

Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, baiskeli za China na India zilianza kuonekana tena kwa wingi, Phoenix, Avon na Hero, lakini breki ni zilezile za fimbo. Baadaye zikaja baiskeli za mitumba zenye gia nyingi na breki za waya. Bodaboda nazo zikachukua abiria na wenye haraka, na baiskeli ikabaki kwa yule asiyemudu petroli. Huyo ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote: magunia ya mkaa, ndizi, madumu ya maji. Na huyo ndiye unayemwona akishuka mlima huku amekandamiza kandambili kwenye tairi la nyuma badala ya breki. Pale Mikumi anaingia kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia, mbele ya malori yasiyoweza kusimama haraka. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayotakiwa kuondolewa ili kuusimamisha mzigo huo inaongezeka mara nne. Kandambili haiijui hesabu hiyo.

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Kuondoa friwili kuna faida, nakubali. Ndani ya friwili mna gololi, springi na vijino vidogo vya kukamata. Maji ya tope yakiingia, vijino vinaganda na pedeli zinazunguka bure. Gia moja iliyokazwa kwenye habu haina cha kuoza.

Lakini tupige hesabu ya mteremko. Chukua gia ya mbele ya meno 44 na ya nyuma ya meno 18. Kila mzunguko wa pedeli unaisukuma baiskeli ya inchi 28 kiasi cha mita 5 na nusu hivi. Ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa, miguu yako inazunguka zaidi ya mara 90 kwa dakika. Ukifika kilomita 40, ni zaidi ya mara 120, na mkungu wa ndizi unakusukuma kutoka nyuma. Huwezi kutoa miguu. Cheni ikikatika, breki yako ya miguu imekwenda nayo. Cheni ikichomoka na kujisokota, gurudumu linajifunga na unaruka. Hata Uingereza, ambako baiskeli hizi zina wapenzi wengi, sheria inaihesabu gia hiyo kuwa breki ya nyuma tu, na inadai breki nyingine kamili mbele.

Ipo hatari nyingine ambayo fundi anapaswa kuijua. Gia ya nyuma ikiingizwa kwenye nyuzi za friwili, hukazika unapokanyaga mbele na hufunguka unapokanyaga nyuma. Habu za mashindano zina ringi ya pili ya kuifunga, yenye nyuzi za kinyume. Habu za kawaida hazina. Wako wanaotumia ringi ya kufungia ekseli ya pedeli, ambayo mara nyingi ina nyuzi zinazolingana, na wako wanaochomelea kwa umeme. Vyote viwili ni vya kubahatisha kwa mtu anayebeba mzigo.

Ile nusu mpya ndiyo yenye thamani. Breki ya diski si mgeni duniani. Frederick Lanchester, Mwingereza, aliisajili kwa ajili ya magari mwaka 1902. Mwaka 1969 kampuni ya Honda iliifunga mbele kwenye pikipiki yake ya CB750. Kwenye baiskeli za milimani ilienea kuanzia miaka ya 1990, na katika mashindano ya barabarani iliruhusiwa moja kwa moja mwaka 2018 tu, baada ya ubishi mrefu. Faida yake ni ileile ya Torpedo: iko katikati ya gurudumu, mbali na tope, na pedi zake zinabana kwa nguvu kiasi cha kufuta maji mara moja. Rimu ikipinda kidogo, yenyewe haijali.

Fundi asijaribu kuchomelea kishikio cha diski kwenye uma wa zamani. Breki hii inausukuma mguu mmoja wa uma, upande wa kushoto, karibu kabisa na ekseli, na bomba la zamani ni jembamba hapo. Litapinda au kukatika. Njia ya gharama ndogo ni kutafuta kwenye mitumba uma wa mbele wa chuma uliotengenezwa kwa diski, pamoja na gurudumu lake, wa kimo kinacholingana na fremu, na kuchagua breki inayovutwa kwa waya, si ile ya mafuta, maana waya wa akiba hupatikana hata Kidodi. Grisi isiguse diski wala pedi. Nyuma breki ya fimbo ibaki kama msaada.

Na friwili? Mtu wa Kimamba au Rudewa, anayetembea tambarare bila mzigo mzito, anaweza kuiondoa akapenda, mradi breki ya mbele iwepo. Ndugu yetu wa Mikumi anashuka na ndizi na kupanda mtupu. Yeye abaki na friwili, anunue mpya kila mwaka kama anunuavyo jembe, na gia yake ya nyuma iwe ya meno 22 ili kupanda kuwe rahisi. Diski aifunge mbele, kabla ya Machi.