Siku Tano Bila Hakimu: Haki ya Utetezi kwa Dereva Aliyelewa mjini Kigali

Dereva anayesimamishwa na trafiki usiku wa Ijumaa maeneo ya Remera, akapuliza kipima ulevi na kukutwa na zaidi ya gramu 0.8 za alkoholi kwa lita moja ya damu, anajua kitakachomfika, maana Polisi ya Rwanda imekitangaza mara nyingi: faini ya faranga 150,000 na hadi siku tano mahabusu. Katika safari hiyo yote hakuna hakimu. Wakili naye, akiitwa, hufika adhabu imekwisha kuanza. Makala haya yanadai kwamba hilo ni pengo la kisheria, na kwamba linaweza kuzibwa bila kuwalegezea kamba walevi wa barabarani.

Kamba hiyo ina sababu ya kukazwa. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72 na kilevi cha asilimia 5, yaani gramu 28 hivi za alkoholi. Kwa mwanamume wa kilo 70 aliyenyoosha chupa moja, damu hukaribia gramu 0.6 kwa lita; akiongeza ya pili ndani ya saa hiyo hiyo, ameshavuka mpaka, hata kama anajiona mzima. Tangu kampeni ya usalama barabarani ya Gerayo Amahoro ianze mwaka 2019, wakazi wa Kigali wamehimizwa kuacha gari wanapokunywa. Wako pia abasare, madereva wa kukodi wanaokurudisha nyumbani kwa gari lako mwenyewe. Mwenye njia hizo zote na bado akashika usukani hastahili kuonewa huruma. Anastahili sheria, na sheria ni pamoja na utetezi.

Ibara ya 29 ya Katiba ya Rwanda inampa kila mtu haki ya kuelezwa anachoshtakiwa, ya kujitetea na kuwakilishwa na wakili, na ya kuhesabiwa hana hatia mpaka mahakama yenye mamlaka iamue vinginevyo. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, Na. 027/2019, inamruhusu mpelelezi kumshikilia mtuhumiwa kwa siku tano zisizoongezwa. Lengo la siku hizo ni upelelezi: kuhoji mashahidi, kukusanya vielelezo, kuandaa jalada la mwendesha mashtaka. Lakini aliyepuliza kipimo ushahidi dhidi yake umekamilika palepale barabarani. Siku tano atakazolala kituoni hazipelelezi chochote, na kizuizi kisicho na upelelezi ni kifungo. Kifungo hutolewa na mahakama.

Tumlinganishe na dereva aliyelewa akagonga na kuua. Kesi yake huangukia ibara ya 111 ya Sheria Na. 68/2018, kuua bila kukusudia, yenye kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili. Huyu hupelekwa kwa mwendesha mashtaka, husimama mbele ya jaji anayeamua kama atashikiliwa au ataachiwa kwa muda, wakili wake akiwa kando. Aliyesababisha msiba ana kinga zote za kisheria. Ambaye hakumgusa mtu hana hata moja inayomfikia kwa wakati. Mpangilio huo siwezi kuutetea.

Wapo watakaouliza wakili atatetea nini ilhali namba imeshasomeka. Kuna mengi. Kipimo hakipimi damu. Hupima pumzi, kisha hukisia damu kwa uwiano, ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa 2,100 kwa 1, wakati miili ya watu haifanani. Aliyemeza funda dakika chache kabla ya kupuliza bado ana kilevi mdomoni, na kinaweza kupandisha namba. Wakili atauliza kama alisubirishwa, kama alipimwa mara ya pili, kifaa kilikaguliwa lini. Kwa dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam kupitia Rusumo na kushusha mzigo Masaka, atauliza pia kama maelezo aliyotia sahihi aliyaelewa. Ana haki ya kuuliza hivyo, maana Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017.

Kenya imepita njia hii. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilibatilisha kanuni za kipima ulevi, maarufu kama Alcoblow, kwa kuwa zilivuka mipaka ya sheria mama. Pombe haikuhalalishwa kwa hukumu ile. Serikali iliambiwa tu ipitie mlango wa sheria.

Hofu kwamba mahakama zitachelewesha mambo naielewa. Lakini njia ya mkato ina ubaguzi wake. Novemba 2022 Rais Paul Kagame alilalamika hadharani kwamba mbunge aliyekamatwa akiendesha amelewa aliachiwa na polisi kwa sababu ya kinga yake. Muda mfupi baadaye mbunge huyo, Gamariel Mbonimana, alijiuzulu na kuomba radhi. Kukemewa kwake hadharani kulifanya kazi ambayo utaratibu wa kawaida ulishindwa kuifanya, na mwananchi asiye na cheo hana wa kumpaazia sauti namna hiyo.

Kwa hiyo Mahakama za Mwanzo za Kigali ziweke kikao cha haraka, hata Jumamosi asubuhi, cha kusikiliza mashauri haya ndani ya saa 24. Polisi waandike muda wa kusubiri na matokeo ya vipimo viwili. Chama cha Mawakili, kilichoundwa mwaka 1997, kipange zamu ya mawakili vituoni usiku wa wikiendi, kwa kuwa ofisi za msaada wa kisheria za MAJ, zilizomo katika wilaya zote 30, zinategemea saa za kazi. Hakimu akiona siku tano zinafaa, azitoe yeye.