Wasomaji wa Earthsea na Kitabu cha Nne

Baina ya mwaka 1968 na 1972, Ursula K. Le Guin wa Marekani alitoa vitabu vitatu juu ya visiwa vya kubuni vya Earthsea na shujaa wao, Ged, bingwa wa elimu ya siri. Wasomaji wengi waliamini kuwa hadithi imekwisha.

Mwaka 1990 kikaja cha nne, Tehanu. Nguvu za Ged zilikuwa zimekwisha tangu mwisho wa kitabu cha tatu, lakini hapo utukufu uliufunika msiba. Sasa alionekana mtu wa kawaida, machoni pa Tenar, mjane wa shambani aliyemlea mtoto aliyeunguzwa kwa moto. Wasomaji waligawanyika. Baadhi walinung'unika kuwa shujaa ametwezwa. Wengine walishukuru kuwa wanawake, waliofungiwa mlango wa chuo cha Roke, wamesikilizwa.

Le Guin hakurudi nyuma. Mwaka 2001 aliongeza viwili, na vitatu vya pili vikawa kama mahakama ya vile vya kwanza. Msomaji ana haki ya kupenda hadithi aliyoizoea. Mwandishi naye ana wajibu wa kuuliza ni nani aliyeachwa nje yake.