Kodi ya Nyumba: Jinsi Upangaji Ulivyoingia Nchi ya Songwe

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu jambo mnalolijua nyote: kulipa kodi ya nyumba. Wengi hudhani kwamba mpangaji na mwenye nyumba wamekuwako tangu enzi za mababu. Sivyo. Katika nchi ya Songwe, kuanzia Mlowo na Vwawa hadi Tunduma mpakani, chumba cha kupanga ni jambo la juzi tu. Tukijua lilivyoingia, tutajua na namna ya kujilinda.

Tuanze na zamani. Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa upande wa Tunduma na Wandali wa Ileje walikuwa wakulima na wafugaji. Mgeni aliyetaka kukaa alipelekwa kwa mtawala. Kwa Wanyiha mtawala huyo aliitwa mwene. Akikubaliwa, alionyeshwa mahali pa kujenga na pa kulima. Alijenga kwa miti, udongo na nyasi, akisaidiwa na majirani. Alidaiwa utii, heshima na mkono wake katika kazi. Hakudaiwa fedha kila mwezi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka wa nchi hizi, na Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Mwaka 1898 Wajerumani wakaanza kutoza kodi ya nyumba. Liangalieni sana neno hilo. Siku zile kodi ya nyumba ilikuwa fedha ambayo mtu aliilipa serikali kwa ajili ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Leo, tukisema kodi ya nyumba, mara nyingi twataja fedha ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Neno ni lile lile, bali anayelipa na anayelipwa wamebadilika.

Je, mabadiliko hayo yaliletwa na nini? Yaliletwa hasa na njia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikahitaji njia nyingine ya kufika baharini. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam lilianza kazi mwaka 1968. Barabara kuu ikatiwa lami. Kisha ikaja reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo hupita Mlowo, Vwawa na Tunduma.

Madereva, makarani na wafanya biashara wakaja. Watu hawa hawakuhitaji shamba. Walihitaji mahali pa kulala, usiku mmoja au mwaka mzima. Mwenye kiwanja karibu na barabara akaona kwamba vyumba vilivyopangwa mstari mmoja vyaweza kumpa fedha hata mwaka ambao mahindi yamekauka. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa, makao yake makuu yakiwa Vwawa, watumishi nao wakatafuta vyumba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Tunduma ilikuwa na watu wasiofika laki moja. Katika ile ya mwaka 2022 walizidi laki mbili.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya mwaka 1984 ilizuia kupandisha kodi ovyo na kumtoa mpangaji bila sababu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 bado yaeleza haki za pande mbili, lakini kiasi cha kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Hapo ndipo penye hatari. Zamani mapatano ya mgeni yalishuhudiwa na mtawala na majirani. Leo watu wawili hupatana mlangoni, kodi ya miezi kadhaa hulipwa mbele, na ugomvi ukizuka hakuna shahidi.

Basi karatasi na ichukue mahali pa shahidi. Andikeni mkataba: kodi ni kiasi gani, ni ya muda gani, nani atengeneze paa likivuja, na notisi ni ya siku ngapi. Kila malipo yawe na stakabadhi. Karatasi hiyo humlinda na mwenye nyumba pia, maana naye huweza kunyimwa haki yake. Msiposikilizana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nalo litauliza kwanza maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika mji wenu, nyumba ya kwanza ya kupangisha ilijengwa lini, na kwa nini? Waulizeni wazee.
2. Mgeni wa zamani alilindwa na nani? Mpangaji wa leo hulindwa na nini?
3. Ni wangapi kati yenu wenye mkataba ulioandikwa?