Milimita Zilizouchelewesha Uvumbuzi wa 1967

Treni ya kwanza ya Shinkansen ilipoondoka Tokyo tarehe 1 Oktoba 1964, pua yake ya mviringo ilikuwa imefuliwa kwa nyundo. Mafundi wa karakana ya Yamashita, mjini Kudamatsu, waligonga mabamba moja baada ya jingine hadi yakafuata umbo, kisha yakaungwa. Kuchonga kalibu kubwa za presi kwa ajili ya vichwa vichache vya treni kungekuwa gharama isiyo na maana. Fundi wa Kamukunji, Nairobi, anayefua karai na masanduku, angewaelewa bila mkalimani: gonga kidogo, sogeza, gonga tena.

Mwaka huohuo, nchini Marekani, Edward Leszak aliomba hataza ya kuifanya kazi ya namna hiyo kwa mashine. Bati linabanwa kingo zote, kisha kifaa chenye kichwa cha mviringo kinalikandamiza kidogo kidogo, kikizunguka na kushuka, mpaka umbo litokee bila kalibu. Hataza ilitoka mwaka 1967, na wazo likalala. Kukiongoza kifaa hicho katika njia ya mizunguko mingi kulihitaji mashine zinazoongozwa na kompyuta ambazo karakana za wakati ule hazikuwa nazo.

Wajapani ndio walioliamsha. Iseki na wenzake walilifanyia majaribio mwishoni mwa miaka ya 1980, Matsubara akaliendeleza katika miaka ya 1990, na kampuni ya Amino ya Fujinomiya ikaunda mashine za kuuza. Amino ilifanikiwa hata kutengeneza upya boneti ya Honda S800, gari lililoacha kuundwa mwaka 1970. Kwa mwenye gari la zamani, hiyo ilikuwa neema.

Kwa nini basi viwanda havikuzikimbilia mashine hizo? Jibu limo ndani ya bati lenyewe.

Kila aliyewahi kukunja bati kwa mkono anajua kwamba ukiliachia, linarudi kidogo. Unapolikunja, ngozi ya nje huvutwa kupita kiasi chake na haiwezi tena kurejea ilivyokuwa, lakini sehemu ya katikati haijafikia hapo, nayo inataka kurudi. Huku kunavuta, kule kunakataa. Bati linatulia mahali ambapo nguvu hizo zinalingana, lakini haziishi. Zinabaki zimefungiwa humo. Wahandisi huziita mikazo iliyobaki.

Katika ufuaji wa Leszak hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kila kifaa kinapopita, bati hukunjwa, kisha hunyooshwa. Johann Bauschinger wa Munich alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba chuma kilichovutwa upande mmoja hulegea mapema kikigeuziwa upande wa pili, na jambo hilo huvuruga hesabu za kubashiri umbo la mwisho. Kipande kikiwa bado kimebanwa huonekana sawa kabisa. Kifungue, kinasogea. Kikate kingo, kinasogea tena. Kitako kilichotakiwa kuwa bapa huvimba kama mto.

Mwaka 2005, Jack Jeswiet wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, na wenzake wa Ulaya walichapisha tathmini pana ya teknolojia hii, na usahihi wa vipimo ukawa miongoni mwa vikwazo vikubwa. Vipande vingi vya magari havitakiwi kukosea zaidi ya nusu milimita. Vilivyofuliwa kwa njia hii vilikosea milimita kadhaa.

Tangu hapo dawa zimekuwa nyingi. Wapo waliofua kupita kipimo makusudi, ili bati likirudi litue panapotakiwa. Leuven, Ubelgiji, walilipasha moto kwa leza palepale kifaa kinapofanya kazi. Aachen, Ujerumani, walijaribu kukiingiza kipande kwenye joto kingali kimebanwa, mikazo ilegee kabla ya kukatwa. Hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, maana inakwenda kwenye chanzo, ingawa inakula muda. Cambridge, Uingereza, Julian Allwood na wenzake waliweka kamera zilizopima umbo kazi ikiendelea, ili njia ya kifaa irekebishwe papo hapo. Ni kile ambacho mfua bati amekifanya siku zote kwa jicho na kiganja.

Mwaka 2013 Ford ilitangaza mashine yenye vifaa viwili, kimoja kila upande wa bati, ikisema kipande cha majaribio kingepatikana ndani ya siku 3 za kazi. Lakini iliikusudia kwa idadi ndogo. Milango ya magari yanayotoka kwa maelfu imeendelea kupigwa kwa presi, na ufuaji wa Leszak umepata nafasi yake katika vipande vya pekee, kama bamba la kuziba tundu la fuvu la mgonjwa mmoja.

Kule Kudamatsu, pua za treni kadhaa za Shinkansen zilizofuata ziliendelea kufuliwa kwa nyundo.