Mashimo ya Mfalme Sulemani: Umbopa Aliponyimwa Ulimi

Miongoni mwa vitabu vilivyowalea wasomaji wa Kiswahili katika karne ya 20, Mashimo ya Mfalme Sulemani kina daraja lake. Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard, aliyewahi kuishi Natal na Transvaal, ikachapishwa mwaka 1885. Tafsiri ya Kiswahili ilitolewa na Frederick Johnson mwaka 1929; mwaka uliofuata alianza kazi ya ukatibu wa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili.

Jina la tafsiri lenyewe linastahili kutazamwa. Leo pengine tungesema migodi au machimbo. Lakini ndani ya riwaya wasafiri wanafika kwenye shimo kubwa la duara, na Quatermain analitambua mara moja kwa kuwa amekwisha kuyaona machimbo ya almasi ya Kimberley. Mashimo, basi, ni neno lililokaa mahali pake. Tena neno hilo linabeba hofu ambayo mgodi hauna: shimo humeza watu, na wasafiri wetu nusura wamezwe.

Hadithi hii imefanywa filamu mara kadhaa. Inayonisikitisha zaidi ni ile ya mwaka 1950, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kila sababu ya kufaulu. Kampuni ya MGM ilileta kamera hadi kwetu: Kenya, Tanganyika, Uganda kwenye maporomoko ya Murchison, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya upigaji picha na nyingine ya uhariri, na sizionei wivu. Wanyama wanaotimua mbio nyikani na ngoma za Watutsi ni mambo ya kutazamwa. Picha zilikuwa nyingi hata nyingine zikatumika tena katika filamu Watusi ya mwaka 1959. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Tuingie ndani, basi, tumtafute Umbopa.

Katika riwaya, Umbopa anakuja kama mtu wa kuajiriwa, lakini tangu mwanzo kauli yake si ya mtumwa. Quatermain anapomkaripia kwa kusema na wazungu kama mwenzao, anamjibu kwa kuuliza amejuaje kwamba yeye si sawa na bwana anayemtumikia, maana huenda naye ni wa ukoo wa kifalme. Baadaye safarini anauliza uhai ni nini, kisha anajijibu kwa mfululizo wa tashibihi, akiulinganisha na vitu vidogo vinavyoonekana kwa muda na kutoweka. Mshairi yeyote akifika hapo husimama. Haggard alikuwa mtu wa dola ya Kiingereza, na kitabu chake kimejaa dharau za wakati wake. Hata hivyo tashibihi hizo alizitia kinywani mwa Mwafrika.

Kilele cha kauli za Umbopa kiko katika kuagana. Sasa yeye ni Ignosi, mfalme wa Wakukuana. Anawaambia rafiki zake kwamba hakuna mzungu mwingine atakayevuka milima ile. Hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, wala wahubiri wa kuwatia watu wake hofu ya kifo. Akija mmoja atamrudisha. Wakija mia atawasukuma. Likija jeshi atapigana nalo. Riwaya ilitoka mwaka uleule Mkutano wa Berlin ulipomalizika. Huenda mwandishi hakukusudia, lakini alimpa mfalme wa kubuni jibu ambalo wafalme wa kweli hawakuulizwa.

Katika filamu ya 1950 jibu hilo halisikiki. Umbopa, aliyeigizwa na Siriaque, Mtutsi mrefu mwenye haiba ya kifalme, anatembea, anasimama, anatazama mbali. Maneno yake ni machache. Vita vya kurudisha kiti cha enzi vimefupishwa vikawa pambano la watu wawili, Umbopa na Twala. Katika riwaya anayemwua Twala ni Sir Henry Curtis, kwa hiyo hapo Umbopa amepata haki yake. Filamu ilimpa mkono, ikamnyima ulimi.

Nafasi iliyopatikana ilipewa nani? Quatermain wa riwaya anajigamba kwamba katika kisa chake hakuna mwanamke wa kutajwa isipokuwa Foulata na Gagool, yule ajuza wa kutisha ambaye wasomaji wetu walimjua kama Gagula. Filamu ilimwondoa Foulata, msichana Mwafrika anayempenda Kapteni Good na kufa kwa ajili ya wageni, ikamweka Deborah Kerr anayemtafuta mumewe na kuishia kumpenda Quatermain.

Filamu ya mwaka 1937 nayo ilimwongeza mwanamke wa Kizungu, lakini angalau ilikuwa na Paul Robeson, na ilimwimbisha. Ile ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe, iligeuza kisa kizima kuwa kichekesho. Wahusika wakuu wanatiwa ndani ya chungu kikubwa wapikwe. Hiyo haistahili wino zaidi.

Najua filamu si kitabu. Haina budi kukata, na simlaumu mtengenezaji kwa kukata. Namuuliza amekata nini. Matukio yanaweza kupunguzwa na msafara ukabaki msafara. Mhusika akipunguziwa kauli hubaki sanamu, hata apigwe picha nzuri namna gani.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili alipobahatika kuliko mtazamaji wa London. Katika tafsiri, Quatermain na Umbopa wote wanasema Kiswahili kimoja chenye heshima ileile. Hakuna mwenye lugha na asiye na lugha. Mwanafunzi wa shule ya kikoloni aliyekishika kitabu hicho alimsikia Mwafrika akisema kwa lugha ambayo yeye mwenyewe aliimiliki, bila mkalimani kati yao.

Riwaya zetu wenyewe nazo zitaendelea kutafutiwa kamera. Wenye kamera watauliza mandhari, mavazi na ngoma. Sisi tunaoshughulika na maneno tuwe wa kwanza kuuliza: katika filamu hiyo, nani atasema, na ataachiwa aseme mpaka mwisho?