Mark Sykes: Aliyegawa Asichokimiliki

Katika mlango wa biashara, wanazuoni wa fiqhi wameweka sharti mashuhuri: muuzaji awe anakimiliki anachokiuza, au awe ameruhusiwa na mwenyewe. Tumeanza na sharti hili kwa sababu tunayemzungumzia hapa alizigawa nchi za watu bila ya wenyewe kuulizwa.

Mark Sykes alizaliwa mwaka 1879 katika ukoo wa mabwana wa ardhi wa Sledmere, Yorkshire, nchini Uingereza. Tangu utotoni alisafiri na baba yake katika nchi za Dola ya Uthmania. Akawa askari katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Mwaka 1911 akaingia Bungeni kuwakilisha Hull. Na baba yake alipofariki mwaka 1913, akarithi cheo cha baroneti, akiwa wa sita katika ukoo huo.

Safari zake zilimpatia sifa ya mjuzi wa Mashariki. Disemba 1915 aliwaambia mawaziri kuwa angependa kuchora mstari kutoka Akka hadi Kirkuk. Mei 1916, mapatano yake na Mfaransa François Georges-Picot yakapitishwa kwa siri: kaskazini ya mstari iwe chini ya Ufaransa, kusini chini ya Uingereza. Na Uingereza hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kumuahidi Sharifu Hussein wa Makka uhuru wa Waarabu! Siri ilifichuka Novemba 1917, Wabolsheviki wa Urusi walipoichapisha, mwezi ule ule wa Azimio la Balfour, ambalo Sykes pia alilipigania.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme kweli: mipaka ya leo si mstari wake hasa. Mosul aliiweka upande wa Ufaransa, nayo leo imo Iraki. Sehemu kubwa ya Palestina ilipangiwa utawala wa kimataifa, ikaishia mikononi mwa Uingereza. Mgao huo uliamuliwa San Remo mwaka 1920, naye Sykes alikwisha kufa kwa mafua Paris, Februari 1919, akiwa na miaka 39.

Basi tusimbebeshe mtu mmoja dhambi za dola mbili. Lakini kosa lake tulitambue: alidhani kuijua nchi kunatosha kumpa mtu haki ya kuigawa. Wenye nchi hawakuulizwa, na mgogoro wa Palestina haujamalizika hadi leo.