Mhakiki wa tatu

Kwenye kipindi kilichopita niligusia kwamba makala yangu ya kwanza ya kitaaluma imerudishwa, na wengi wenu mkauliza: imerudishwa kivipi, na sasa unafanyaje? Basi leo nawajibu, ila kwa kuzunguka kidogo, maana jibu lenyewe lina historia.

Barua pepe ya jarida ilinikuta kwenye basi namba 243, tunapita Bruce Grove. Nilikuwa nimeisubiri miezi saba. Makala inahusu upatu wa kina mama wa Kitanzania hapa Tottenham: watu kumi na wawili, kila mmoja pauni 100 kwa mwezi, mmoja anabeba zote, mpaka zamu izunguke. Mama yangu ndiye kijumbe wao.

Kabla ya kutuma nilifuata masharti yote. Ikisiri ya maneno 150. Maneno 8,000, siyo zaidi. Marejeo kwa mtindo wao, mpaka nukta na mkato. Jina langu nililifuta kila mahali ili wahakiki wasinijue, na nilituma kwa jarida moja tu, maana kutuma kwa mawili kwa pamoja ni mwiko. Jibu likaja: rekebisha, kisha tutumie tena. Mhakiki wa kwanza aliipenda. Wa pili alitaka niondoe neno "upatu" niweke istilahi ya Kiingereza wanayoitumia wachumi.

Iliniuma, siwafichi. Nilidhani mfumo huu wa wahakiki wasiojulikana ulikuwepo tangu enzi na enzi. Kumbe! Jarida la Philosophical Transactions lilianza hapahapa London mwaka 1665, na kwa kiasi kikubwa mhariri wake, Henry Oldenburg, alikuwa akiamua mwenyewe nini kiingie. Nature, pamoja na ukubwa wake wote, lilifanya uhakiki wa nje kuwa utaratibu rasmi mwaka 1973. Mama yangu alikuwa tayari yuko shule ya msingi!

Miaka michache kabla ya hapo, pale Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi walikuwa na njia yao. Novemba 1969 chama chao cha USARF kilianzisha jarida la Cheche. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji (ndiyo, yule aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha). Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikatolewa kwa mashine ya saiklostaili, kisha wanafunzi wenyewe wakapanga kurasa na kuzibana pini.

Septemba 1970 walitoa toleo maalumu lenye kazi moja: "The Silent Class Struggle" ya Issa Shivji, kijana wa miaka 24 aliyesomea sheria. Mabenki yalikuwa yametaifishwa tangu 1967, na yeye akauliza: sasa nani hasa ameushika uchumi? Miezi miwili baadaye serikali ikaipiga marufuku USARF pamoja na Cheche.

Lakini muswada haukufa. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House iliuchapa kuwa kitabu, pamoja na maoni ya wasomi waliobishana nao, wakiwemo Walter Rodney na John Saul. Yaani uhakiki ulifanyika hadharani, kila mtu kwa jina lake, msomaji akaachiwa aamue mwenyewe.

Ila tusidanganyane. Jarida lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini makala zake kwa sehemu kubwa zilikuwa za Kiingereza. Mkulima wa Kilosa, alikozaliwa Shivji, angeisoma vipi?

Hapo nikamkumbuka mama. Siku nilipomwambia nimetuma makala, aliuliza swali moja tu: "Mimi nitaisoma wapi?" Sikuwa na jibu. Ama msomaji alipie, ama mimi nilipe zaidi ya pauni 2,000 ili iwe wazi kwa wote. Nyumbani kwetu si mbali na jumba la Bruce Castle, ambako Rowland Hill aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa shule. Zamani barua kwa kawaida ililipiwa na anayeipokea. Hill ndiye aliyepigania anayetuma alipe, na mwaka 1840 ikawa hivyo, kwa peni moja. Majarida nayo bado yanavutana palepale, alipe msomaji au mwandishi. Tofauti ni kwamba peni moja ilikuwa haimshindi mtu.

Basi nikaandika kurasa nne za Kiswahili, nikazichapa, nikampelekea. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akakaa mezani jikoni. Ukurasa wa pili akasimama.

"Nani kakwambia zamu ni kura tu?"

"Si mnapiga kura mwanzoni, mama?"

"Tunapiga. Lakini mwenye shida anapishwa. Bibi yako alipofariki, ile tiketi yako ya kwenda Tanga unadhani ilitoka wapi? Zamu ilikuwa ya mama Rehema."

Nilinyamaza. Hoja yangu nzima ilisimama juu ya kura: kwamba wanaaminiana kwa sababu hakuna anayechagua. Wahakiki wawili walipita hapo bila kusema kitu. Na mimi nilikuwa nimepanda ndege kwa pesa hizohizo.

Kwa hiyo narekebisha. Nimetengeneza jedwali, kama inavyotakiwa: upande mmoja maoni ya wahakiki, upande wa pili nilichobadilisha, na ukurasa gani. Neno "upatu" linabaki, na nimeeleza sababu kwa aya moja, kwa adabu. Sehemu ya kura nimeiandika upya yote. Natuma Ijumaa.

Kama na wewe una muswada, usiutume kabla hujampa anayeyajua mambo hayo, kwa lugha anayoisoma.

Kwenye shukrani nilitaka kumtaja mama, lakini wote niliowahoji nimewaficha majina, na yeye ni mmoja wao. Kwa hiyo atabaki kama wale wahakiki wengine wawili: hajulikani.